Wanywaji wa Longinus

Jua lilikuwa linazamia upande wa Burundi Sajenti Raymond alipoweka pingu kiunoni na kwenda kumchukua Longinus. Kazi ndogo tu, aliona. Ilikuwa 2013, ndiyo kwanza ameletwa Mabamba kutoka Same, na tayari alikuwa amegusa jambo ambalo askari waliomtangulia walilikwepa. Melkiadi alikuwa akigombea shamba na mwenyekiti wa kitongoji. Melkiadi akatoweka. Mwenyekiti ndiye huyo Longinus, na shamba sasa analima yeye.

Njiani alimkuta Esteri, mke wa Melkiadi, anamsubiri.

"Afande, kwake usinywe kitu."

"Anatia sumu?"

"Sumu tungeijua, baba."

Raymond akacheka, akapita.

Nyuma ya nyumba ya Longinus, kando ya migomba, wanaume walikuwa wamezunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake, makaa yakiwaka katikati. Mwalimu alikuwepo. Reverien mwenye duka alikuwepo. Kimya... Walevi wa Mabamba kimya! Watu ambao kwa umbeya hawana mpinzani Kibondo nzima.

"Karibu, afande," alisema Longinus. "Unatafuta shahidi? Reverien aliona. Ila hapa kwetu mtu hasemi na asiyekunywa naye."

Raymond naye mjanja. "Anza wewe."

Longinus akavuta funda refu, akajilamba. Basi. Chungu kimoja, mwenyeji kaonja, na bila shahidi hakuna kesi. Sajenti akapokea mrija, akavuta.

Tamu. Baridi. Ulimi ukafa ganzi, kisha midomo, kisha kitu kingine ndani kifuani...

Ndipo alipowaona mbu. Walimjaa mwalimu usoni, wamevimba damu, na mwalimu hawafukuzi. Halafu harufu. Nyama.

Kiganja cha Reverien kilikuwa juu ya kaa la moto.

"Reverien... mkono," alinong'ona.

"Eh, kweli." Akauondoa polepole. Kisha akasema yote, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. "Melkiadi tulimpiga mpaka akafa. Yumo kwenye shimo tunaloivishia ndizi. Ndizi za pombe hii."

Raymond alingoja hasira ije. Alingoja kutapika. Akakumbuka kwamba ana pingu, kama mtu anavyokumbuka jina la jirani wa zamani.

"Asante," alisema. Akaondoka.

Wapo wanaosema ni dawa ya Longinus. Lakini Longinus naye alikunywa, na mkewe alipozikwa alikuwa pale kaburini akitafuna mahindi ya kuchoma. Wengine wanasema ni Melkiadi mwenyewe, anamgawia ubaridi wake kila anayemnywa. Mimi sijui. Mimi hapo sipiti.

Esteri alikuwa bado barabarani. "Umempata mume wangu?"

"Wamemuua. Yuko kwenye shimo la ndizi."

"Na umewaacha?"

Raymond alimtazama. Hakuona swali linataka nini.

"Afande! Basi nimulikie!"

Akamfuata hadi shimoni nyuma ya nyumba, akammulikia kwa tochi. Wanaume walikuja, wakasimama kutazama, hakuna aliyemzuia. Esteri alichimbua kwa mikono, akitupa majani ya migomba na udongo, analia kwa sauti mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wakaitikia. Hakuna mlango uliofunguliwa. Kisha akapiga magoti, akakumbatia shati alilolishona mwenyewe.

Tochi haikutetemeka.

"Mama," alisema Raymond, "fanya haraka. Betri inakwisha."