Jumatatu Ilikaa Chini Kabisa

Fundi cherehani alikuwa na duka la chumba kimoja. Cherehani ilikaa dirishani, na kompyuta ndogo ilikaa juu ya kabati la vitambaa. Vipimo vya wateja wote vilikuwa kwenye faili moja la kompyuta hiyo. Kila jioni aliweka nakala ya akiba kwenye flashi. Ya Jumatatu aliiita "Jumatatu", ya Jumanne "Jumanne". Wiki ikianza upya, nakala mpya ilifuta ya zamani yenye jina hilohilo.

Jumamosi moja asubuhi kompyuta iligoma kuwaka. Ilirudi kutoka kwenye matengenezo Jumatatu ikiwa tupu. Fundi hakuwa na wasiwasi. Alichomeka flashi, akachukua nakala iliyokuwa chini kabisa kwenye orodha, akaendelea na kazi. Kwenye daftari, mstari wa chini ndio mpya. Aliamini kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Jumatano mteja mmoja, mwalimu, alikuja kujaribu gauni. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa anamwoza binti yake. Zipu ilifika kiunoni ikakwama.

"Vuta tumbo ndani kidogo," fundi alisema.

"Nimeshavuta."

Wateja watatu kwenye benchi walikuwa wakitazama. "Mwalimu, umenenepa," fundi akasema kwa sauti. "Punguza kula mpaka Jumamosi."

Watu wakacheka. Mwalimu alivua gauni nyuma ya pazia, akalikunja, akaliacha mezani.

"Alhamisi ulinipima upya, fundi," alisema polepole. "Ulisema mwenyewe vipimo vya zamani havifai."

Akaondoka bila kuaga.

Fundi alifungua kompyuta. Vipimo vya mwalimu vilikuwa vya miaka miwili nyuma. Aliona aibu. Akampigia wifi yake, dada wa mumewe, aliyetunza kumbukumbu ofisini.

Wifi alifika jioni, akachomeka flashi, akaanza kucheka. "Hebu soma orodha hii, wifi yangu."

"Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Jumanne. Jumatano. Jumatatu."

"Wiki gani inaanza na Alhamisi?"

"Labda ya ukoo wenu."

"Kompyuta haijui siku. Inapanga majina kwa herufi. Jumatatu itakaa chini mpaka uzeeke. Ulirudisha nakala ya Jumatatu ya wiki iliyopita, na mwalimu ulimpima Alhamisi."

"Kwa hiyo vipimo vyake vimepotea?"

"Vimo kwenye nakala ya Ijumaa iliyopita. Lakini keshokutwa ungeifuta kwa mkono wako."

Waliifungua. Vipimo vipya vilikuwemo, hadi mzunguko wa mkono.

"Nilimwambia amenenepa," fundi alisema. "Mbele za watu."

Wifi aliacha kucheka. Akavuta kiti karibu.

"Kuanzia leo andika tarehe. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Hii ya Ijumaa iite vipimo-2024-05-03."

"Mbona sisi huanza na siku?"

"Ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote zitakaa pamoja."

"Na sifuri ya nini?"

"Bila sifuri, kompyuta nyingi zitaweka mwezi wa 10 kabla ya mwezi wa 2. Tena usifute nakala za zamani. Kila siku na jina lake."

Vipimo vya siku tatu za wiki hiyo, ambavyo nakala ya Ijumaa haikuwa navyo, wakaviingiza upya, kimoja kimoja. Kesho yake jioni, nakala mpya ilijipanga yenyewe chini ya nyingine, mahali pake.

Siku hiyohiyo fundi alikata vipande viwili vya kitambaa kilichobaki, akaviingiza ubavuni mwa gauni. Kisha akampigia mwalimu simu, akamsihi aje.

Mwalimu alikuja Ijumaa mchana, benchi likiwa limejaa. Fundi alitamani kumnong'oneza tu. Lakini Jumatano hakunong'ona. Akasimama.

"Jamani, juzi nilisema mwalimu amenenepa. Gauni lilibana kwa sababu nilikata kwa vipimo vya zamani. Kosa ni langu. Mwalimu, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alichukua gauni, akaingia nyuma ya pazia. Fundi alibaki amesimama, macho chini, akisikiliza zipu ikipanda. Haikukwama popote.

Mwalimu akatoka.

"Kunenepa nimenenepa," alisema. "Ila vipimo vipya ulikuwa umeshaviandika."

Kisha akamgeuzia mgongo.

"Haya, nifungie kishikizo cha juu."