Nani Aingie Bodi ya Kituo?

Kila asubuhi Kuo Ting-fa alimpeleka mama yake kwenye kituo cha wazee cha mtaa wao, mjini Chiayi. Mama alikuwa amepoteza kumbukumbu. Njiani watu walimwita Ting-fa kwa shangwe, maana ndiye mpiga ngoma wa sherehe za hekalu.

"Ting-fa! Uchaguzi wa bodi ya kituo umefika. Kura zetu zote zako!"

Ting-fa alicheka. Moyoni alikwishajiona mjumbe.

Siku ile mchana mama alitoka kwa mlango wa nyuma wa kituo, asionwe na mtu. Walimkuta kando ya barabara kuu, kandambili mguu mmoja, malori yakimpita. Ting-fa alimkumbatia, akalia.

Wajumbe wa bodi walikuja nyumbani na matunda. Walitoa pole, wakamtania mama mpaka akacheka, wakaenda zao.

"Watu wema hawa," Ting-fa alimwambia jirani yake Hui-lan, ofisa ustawi wa jamii.

"Wema, ndiyo. Lakini nani kati yao ameuliza habari za ule mlango?"

Ting-fa aligeuka kuyatazama yale matunda.

"Kaka, bodi haikai pale kunywa chai. Inasimamia usalama. Inamhoji meneja. Wewe unajua nini kuhusu kutunza wazee?"

"Mimi? Ngoma tu!"

"Na Bi Yeh, mgombea mwenzako, je? Amesimamia wodi ya wazee miaka mingi."

"Bi Yeh! Yule hacheki hata ukimtekenya!"

"Tunamchagua acheke, au amlinde mama yako?"

Siku ya uchaguzi Ting-fa alisimama. "Jamani, asanteni kwa kunipenda. Lakini nimejitoa. Kabla ya kupiga kura, tumwulize kila mgombea: anajua nini, na atafanya nini?"

Watu waliguna. Kisha wakauliza. Wengine walijibu kwa mizaha. Bi Yeh alieleza kuhusu milango, kengele na zamu za wahudumu. Alishinda.

Mwezi uliofuata mama alisukuma tena mlango wa nyuma. Kengele ikalia. Mhudumu alimwahi, akamshika mkono, wakarudi ndani kula uji.

Jioni Ting-fa alikwenda kwa Bi Yeh na kikapu cha mapera.

"Umenirudishia usingizi, Bi Yeh. Sijui nikulipe nini."

"Mimi najua," alisema Bi Yeh, akipokea kikapu. "Mkutano ujao, usinionee haya. Niulize maswali magumu mimi pia."

Ting-fa aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Nitauliza," alisema. "Na asante."