Vumbi la Jumanne na Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule kulia, Chiriku alisimama chini ya dirisha la maktaba akinyoosha shingo. Ukutani pale mama yake alikuwa amefunga kipima vumbi, kisanduku cheupe chenye kioo kidogo kinachoonyesha namba. Mama alikuwa mtafiti wa hewa katika chuo kikuu, na vifaa kama hivyo alivifunga sehemu nyingi za mji. Chiriku aliisoma namba, akainakili, kisha akamtangazia kila aliyepita, "Leo hewa yetu imechafuka kuliko jana!" Hakupewa jina la Chiriku bure. Mdomo wake haukujua likizo.

Katika klabu ya sayansi hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho. Kwa hiyo Chiriku alijiona malkia, mpaka Miwani alipohamia shuleni kwao.

Miwani alikuwa msichana mpole ambaye baba yake, daktari wa kifua, alitibu wagonjwa hospitalini na kufanya utafiti katika chuo kile kile. Siku ya sayansi ilipokaribia, Miwani alizunguka madarasani akiuliza nani anakohoa, tangu lini, na nani amekosa shule kwa kubanwa kifua. Akachora grafu ya rangi. Mwalimu wa sayansi akaibandika mbele ya darasa.

"Hii ndiyo ninayoiita kazi!" alisema mwalimu.

Chiriku alipiga makofi kama wenzake, lakini moyo ulimwaka kama aliyemeza pilipili nzima. Tangu siku hiyo kila kitu cha Miwani kilimkera: mwandiko wake, kicheko chake, hata namna alivyofuta miwani kwa pindo la sketi.

Mchana mmoja Miwani alimfuata kwenye bomba la maji.

"Naomba namba zako za vumbi," alisema. "Na mimi nitakupa zangu za kikohozi. Tukiziweka pamoja, huenda tukajua watoto wanakohoa kwa nini."

"Ili upigiwe makofi tena?"

"Tutaandika majina yetu yote mawili."

"Nenda huko! Tafuta za kwako. Hizi nimezitolea jasho."

Jasho lenyewe lilikuwa la kunyoosha shingo tu, lakini Chiriku hakutaka kulifikiria hilo.

Alipofika nyumbani alimkuta mama akizungumza kwa simu sebuleni. "Hapana, Daktari, takwimu zangu sizitoi sasa," alikuwa akisema. "Nikikupa leo, kesho utaandika makala wewe, mimi nibaki kukushangilia. Subiri nimalize." Akakata simu na kusonya. "Watu wengine bwana! Wanataka kupakuliwa tu, jikoni hawaingii."

Chiriku akajisikia mwepesi. Kama mama, mtu mzima na msomi, alificha za kwake, yeye kosa lake liko wapi?

Jumanne ya wiki iliyofuata, darasa likiwa kimya kwenye hesabu, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. "Chiriku, njoo haraka! Mdogo wako!"

Mdogo wake alikuwa mwembamba kama ufito, na kwa utani wote walimwita Tembo. Alikuwa ameketi sakafuni mwa darasa lake, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Mwalimu wake alimbeba hadi kwenye gari, na Chiriku akapanda nyuma akiwa ameshika kiatu cha mdogo wake kilichomvuka.

Hospitalini aliyewapokea alikuwa baba yake Miwani. Alimvisha Tembo kifaa cha kuvutia dawa, akamshika mgongo, akamwambia taratibu, "Vuta, baba. Hivyo hivyo. Tena." Mama alipoingia mbio, kitambulisho cha chuo kikiwa bado shingoni, pumzi ya Tembo ilikuwa imeanza kutulia.

"Atapona," Daktari alimwambia. "Lakini leo si wa kwanza kutoka shule hiyo. Huwa wananijia kwa mkupuo, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine kimya. Ndiyo maana nilikupigia simu."

Mama aliganda. "Jumanne na Ijumaa? Ndizo siku vumbi linapopanda pale shuleni. Nimeliona muda mrefu, nikadhani ni magari."

"Mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo, "siku hizo ndizo maseremala wa nyuma ya shule wanapochoma maranda. Moshi unaingia mpaka darasani kwa kina Tembo."

Wote watatu walitazamana. Mama akaketi kitandani kwa mwanawe, akamfunika miguu.

"Ningekupa takwimu uliponiomba, Daktari, huyu asingekuwa hapa."

"Usijilaumu peke yako," Daktari alijibu. "Nilikuomba za kwako, lakini za kwangu sikukuahidi. Mimi pia niliogopa kupitwa."

Walizilinganisha takwimu zao siku ile ile. Daktari alitoa idadi tu, bila majina ya wagonjwa. Kesho yake wakaenda na mwalimu mkuu kwenye karakana ya maseremala. Fundi mkuu alisikiliza, akavua kofia.

"Sisi tulijua ni moshi tu, hauna neno," alisema. "Basi hatuchomi tena. Kuna mama mfugaji kila siku anatuomba maranda ya kutandika kwenye banda la kuku. Achukue yote, na kuku wake wanenepe!"

Kabla ya Ijumaa kwisha, Chiriku alimtafuta Miwani.

"Nisamehe. Nilikuonea wivu. Na nisikufiche, bado ninao kidogo."

Miwani akacheka. "Hata mimi nakuonea. Wewe unazungumza mbele ya watu hutetemeki."

Siku ya sayansi, Miwani alichora grafu moja yenye vumbi na kikohozi pamoja, na Chiriku akaieleza mpaka mwalimu akamwomba apumzike.

Jumamosi mama alimwita kwenye kompyuta. Takwimu zake zote zilikuwa tayari kuwekwa kwenye tovuti ya chuo, kila mtu azisome.

"Na mtu akiandika makala kabla yako?" Chiriku aliuliza.

"Moyo utaniuma, sikudanganyi," mama alisema. "Ila jina langu lipo juu yake, na atakayezitumia atasema kazitoa kwangu. Nisikilize, mwanangu. Wivu uliniambia nalinda kazi yangu. Kumbe nilikuwa naifungia. Namba zile hazina faida zikikaa kwangu huku watoto wakikosa pumzi. Wewe ulimnyima mwenzako kwa sababu uliniona mimi nikimnyima mwenzangu, na hilo naomba unisamehe. Elimu tunayoificha haimponyi mtu yeyote."

Kidole chake kilisita kidogo juu ya kitufe. Kisha akakibonyeza.