Toa Kimoja, Jaribu

Jua lilikuwa linazama, na fundi Bisibisi alikuwa na njaa ya kula sufuria na mfuniko wake. Alikuwa anatia kufuli kibanda chake cha kutengenezea kompyuta simu ilipoita. Dada yake.

"Mdogo wangu, njoo uitazame kompyuta yetu. Inazima yenyewe. Shemeji yako anakaribia kuwa mwehu."

"Kesho asubuhi, dada. Leo nimechoka mpaka kucha."

"Leo..." Akashusha sauti. "Njoo leo."

Mnong'ono huo ndio uliomnyanyua. Bisibisi alikuwa na ulimi mrefu wa kutania wateja, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuthubutu kulitamka. Dada yake, msusi, aliyemlea tangu mama yao afe, alikuwa ameolewa katika nyumba iliyokwisha kuua mke. Mke wa kwanza wa shemeji alikutwa chini ya ngazi, shingo imevunjika. Ameteleza, watu wakasema. Dada alikuwa shoga yake wa chanda na pete, ndiye aliyemsuka nywele alizozikwa nazo. Akabaki kumfariji mgane, na machozi yalipokauka, yeye hakuondoka.

Sasa shingoni mwa dada kulikuwa na alama nyekundu, kama za vidole. Kila akiulizwa alijibu, "Nimejigonga." Nani hujigonga shingoni? Bisibisi alijua, au alidhani anajua. Aliogopa kwamba siku moja ataitwa kuja kumwokota dada yake chini ya ngazi zile zile.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu. Ilikaa sebuleni, mezani, ubavuni mwa ngazi. Shemeji, mchora ramani za nyumba, alisimama kando yake akitokwa jasho.

"Mchana inakwenda vizuri tu, shemeji," alisema. "Nafanya kazi yangu bila shida. Jioni ndiyo inaanza."

"Jioni kila nyumba imewasha taa, umeme unashuka," Bisibisi akajibu haraka. Hakutaka kumsikiliza mtu yule. Alimwangalia mikono tu, ilivyokuwa mikubwa.

Alifungua kasha la kompyuta.

Harufu ikampiga puani. Nywele zilizoungua.

Feni ilikuwa imekabwa. Msuko mrefu, mweusi, ulikuwa umejizungusha kwenye mapanga yake mara nyingi, umekaza. Akauvuta kwa koleo. Ulikuja taratibu, kama unaokatalia, na mwisho wake ulikuwa na fundo dogo lililochomwa moto. Shemeji akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Panya hujenga popote," Bisibisi akatania.

Aliyemfundisha kazi alikuwa na sheria moja, na aliisisitiza kwa makofi. Toa kimoja, jaribu. Rudisha, toa kingine. Ukitoa viwili kwa mpigo, hutajua kamwe kipi kilikuwa kibovu.

Basi akatoa memori, akaweka nyingine. Akawasha. Skrini ikaangaza, ikatetemeka... ikazima.

Akabadilisha pawa saplai, akaweka ya kwake aliyoiamini. Ikazima.

Akachomoa diski. Ikazima tena, na safari hii spika zikatoa sauti. Pumzi. Pumzi ya mtu anayekabwa, anayetafuta hewa asiipate.

Khhh... khhh...

Waya wa spika ulikuwa sakafuni. Haukuwa umechomekwa popote.

"Ni yeye," shemeji akanong'ona. "Ni sauti yake. Kila jioni ananifanyia hivi. Siwezi tena, wallahi siwezi!" Akakimbilia stoo.

"Mume wangu, ngoja!" Dada akamfuata mbio.

Bisibisi akabaki peke yake, mkono ungali kwenye swichi. Akawasha.

Ikawaka. Feni ikazunguka laini, bila kikwazo. Ile harufu ikatoweka. Mashine ilitulia, nzima kama imetoka kiwandani leo. Kilichotoka chumbani ndicho kilichokuwa kibovu. Na aliyetoka alikuwa shemeji.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji aliingia na nyundo, dada nyuma yake akimshika shati.

Tap! Giza kwenye skrini.

Kutoka chini ya kasha tone likaanguka juu ya meza. Zito, jekundu. Likafuatwa na jingine.

"Toka hapo, niivunje!" shemeji akapiga kelele.

"Uvunje ushahidi?" Bisibisi akasimama mbele ya meza. "Ulimuua. Na sasa ni zamu ya dada yangu, sivyo?"

"Mimi? Shemeji, mimi..."

"Atatuua!" dada akalia. "Mdogo wangu, atatuua wote!"

Nyundo ilishuka. Labda ilikusudia kasha; ilitua begani mwa Bisibisi, na mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Maumivu yakampofusha. Walikamatana, wakaangusha kiti, wakaangukia meza. Shemeji alikuwa na nguvu za mwenye kuogopa. Nyundo ikapanda tena, ikasaga vidole vya mkono wa kushoto wa fundi, na Bisibisi akasikia mtu akinguruma kama mbwa, na kumbe ni yeye mwenyewe. Mkono wa kulia ukapapasa sakafuni. Ukagusa bisibisi, ile iliyompa jina.

Akaichomeka shingoni. Akaichomoa. Akaichomeka tena, na tena, mpaka damu ya moto ikamjaa mdomoni na mtu aliye juu yake akalegea.

Shemeji hakufa papo hapo. Alilala akikoroma pumzi ile ile iliyotoka kwenye spika. Akainua kidole, akaonyesha nyuma ya bega la Bisibisi.

Bisibisi alidhani anaonyesha kompyuta.

Polisi walichukua maelezo ya dada, wakatazama bega na vidole, wakaona ni mtu aliyejitetea. Bisibisi aliihamishia kompyuta kibandani kwake. Ilikwenda bila kuzima, na kila alipoisikia feni ikivuma, alijiambia ameua kwa haki. Dada yake yu hai. Usingizi ulikuwa mgumu, lakini ulikuja.

Alasiri moja dada akaja na chakula, mara yake ya kwanza kufika hapo tangu msiba.

"Mdogo wangu, umekonda."

Skrini ikazima.

Bisibisi hakugeuka. Harufu ilikuwa imekwisha kumfikia. Mchana inakwenda vizuri, alisema marehemu shemeji. Mchana dada huwa saluni. Na siku ile chumbani hakutoka mmoja. Walitoka wawili, kwa mpigo.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hebu simama nje kidogo."

Akatoka. Feni ikazunguka.

"Ingia."

Ikafa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huvua nguo ajikague? Alikumbuka utoto wao, yeye akimshikia nyuzi, dada akimaliza kila msuko kwa fundo dogo, kisha kuliunguza kwa kiberiti. Alikumbuka zile alama shingoni, na hatimaye akajua vilikuwa vidole vya marehemu, akimlipiza aliyemkaba. Alitaka kulia. Alikuwa ameua mtu asiye na kosa, kwa mkono wake, kwa kumpenda huyu aliyesimama mlangoni.

Khhh... likasema kasha.

Dada aliitazama kompyuta. Kisha akamtazama yeye, kwa upole ule ule aliokuwa akimlishia uji.

"Kwani bado hujajua ubovu uko wapi, mdogo wangu?" akauliza.

Akafunga mlango kwa ndani.