Maneno Aliyoyakata Kipaza

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza na kiti cha wageni, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Kando yake palikuwa na stendi ya kamera, mguu wake mmoja wa chuma umepinda. Kuta zote nne zilibandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Ndiyo maana hata kilio cha dada wa marehemu, aliyemkuta asubuhi ile alipomletea nguo alizomfulia, hakikumfikia fundi viatu wa chini. Yeye alijua kuna msiba alipoona gari la polisi.

Marehemu alikuwa kijana wa miaka thelathini, na mtaa mzima ulimwita Kipaza. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wenye wafuasi elfu arobaini. Maji yakikatika, Kipaza atasema. Mtoto akipotea, Kipaza atasema. Watu walimwamini kuliko redio.

Inspekta alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Alikuwa mama wa makamo, amebakiza miaka miwili kustaafu. Kituoni walimpa jina la Bibi Kwanini, wakidhani halijui.

"Amekufa saa ngapi?"

"Jana jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili," alijibu mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi, akivua glavu. "Pigo moja, nyuma ya sikio. Lakini hakufa palepale, Afande. Alichukua nusu saa, labda zaidi."

"Alama za vidole?"

"Zipo kwenye stendi, na kwenye hedifoni ile iliyoanguka karibu na kiti cha wageni. Ukiacha za marehemu, zote zinaonekana za mtu mmoja, ila zimelika. Mistari haisomeki."

"Saruji hiyo," alisema Koplo. "Saruji inakula vidole."

Wote walijua anamsema nani. Siku tisa zilizopita, jengo la ghorofa nne mtaa wa pili lilianguka alfajiri na kuua watu kumi na saba. Fundi mwashi aliyekuwa akilifanyia ukarabati aliziona nguzo zikipasuka. Alimwambia mwenye jengo, akafukuzwa kazi. Ndipo akamtumia Kipaza video ya kuwaonya wapangaji. Na juzi, mbele ya mtaa mzima, alisimama mlangoni kwa Kipaza akapiga kelele: "Uliyakata maneno yangu! Damu yao iko mikononi mwako, na utailipa!"

Kufika saa sita mchana, Fundi alikuwa mahabusu.

"Mdomo umemponza kichwa," alisema mkuu wa kituo. "Faili liende kwa mwendesha mashtaka kesho saa nne."

"Kwa nini haraka hivyo, mkuu?"

"Kwa sababu mtaa unachemka, mama. Mtaa umezika watu kumi na saba. Unataka kusikia kuna mtu amekamatwa."

Inspekta hakubisha. Alikuwa na muda mpaka kesho saa nne. Baada ya hapo, mtu pekee aliyewaonya wale marehemu angeshtakiwa kwa mauaji.

Fundi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku.

"Ulimtishia Kipaza?"

"Nilimtishia."

"Ulimuua?"

"Hapana."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na nani atake kukaa na mimi, mama? Watu wanasema nilijua nikanyamaza. Kujua, ni kweli nilijua. Lakini sikunyamaza."

"Kwenye video ulisema nini?"

"Nilisimama mbele ya nguzo nikasema: nguzo hizi zimekwisha, jengo hili litaanguka, waliomo watakufa, hameni leo. Sikuzunguka." Alikuna saruji iliyoganda kwenye kucha. "Nilimpa maneno yenye meno. Yeye akayatoa yakiwa vibogoyo. Itazame mwenyewe."

Inspekta aliitazama kwenye simu ya Koplo. Fundi alionekana kwa sekunde kumi na mbili, akinyooshea kidole nguzo, mdomo unacheza bila sauti. Juu yake ilisikika sauti tamu ya Kipaza: "Wapendwa, fundi wetu anashauri jengo hili lifanyiwe matengenezo madogo. Tusiwe na hofu."

Alirudi kwenye chumba cha Kipaza cha kurekodia. Dada wa marehemu alikuwa ameketi ngazini, bado ameshika fuko la nguo safi. Inspekta alimwomba aingie, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya meza. Ilikuwa na safu mbili, kwa mwandiko nadhifu. Kufa, kupumzika. Damu, maji mekundu. Kupigwa, kutoelewana. Kuanguka, kuhitaji matengenezo. Yalikuwa maneno zaidi ya mia.

"Nani alimpa orodha hii, mwanangu?"

"Hakuna. Aliitunga mwenyewe." Yule dada alifuta pua kwa kiganja. "Wenye mtandao walishamfungia ukurasa mara mbili. Mara ya kwanza alisema msichana fulani amebakwa. Mara ya pili hata hakuambiwa kosa lake. Miezi mitatu video zake hazikuonekana na mtu. Basi, tangu hapo, kila neno alilolitilia shaka aliliweka hapo. Wakati mwingine nilimwambia, kaka, hili nalo lina ubaya gani? Anasema, bora nijikate mwenyewe kabla sijakatwa."

"Alijua Fundi anasema kweli?"

"Alijua. Hata mimi alinikataza kupita karibu na lile jengo." Aliinama. "Hakuwa na roho mbaya, mama. Alikuwa mwoga."

Mtaalamu alikuwa mbele ya kompyuta ya marehemu. "Afande, video ya Fundi, ile isiyokatwa, ilifunguliwa jana saa kumi na dakika arobaini. Imechezwa mara tatu, mwanzo mpaka mwisho."

Inspekta aliangalia meza. Hedifoni ya Kipaza ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake. Iliyoanguka sakafuni ilikuwa ya mgeni. Palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja hakijaguswa.

"Koplo, mtu aliyekutukana juzi mlangoni, leo utamkaribisha chai?"

"Labda walipatana, Afande."

"Haya, walipatana. Kwa nini basi Fundi asikilizishwe mara tatu maneno aliyoyasema mwenyewe?"

Koplo aligeuka kuitazama hedifoni ya sakafuni.

"Aliyekaa hapa alikuwa hajayasikia," alisema Inspekta. "Na alikuwa na sababu ya kutaka kuyasikia."

Walipofika kituoni alikaa kwenye kiti cha Koplo, akavaa miwani, akaanza kusoma maoni ya watu chini ya ile video laini. Yalikuwa mia mbili na ushee. Wengi walishukuru, wawili watatu walitania. Karibu na mwisho alikuta haya: "Asante sana kaka. Mke wangu alikuwa ananisumbua tuhame. Nimemwonyesha hii, ametulia." Chini yake Kipaza alikuwa ameweka alama ya moyo.

Inspekta alivua miwani.

"Nitafutie huyu ni nani."

Haikuchukua muda. Jina lilikuwa kwenye orodha ya wafiwa. Mwokaji mikate, kapoteza mke na binti wa miaka sita. Yeye alipona kwa sababu saa ile ya alfajiri alikuwa kazini.

"Mwokaji," alisema Inspekta polepole. "Koplo, ni saruji peke yake inayokula vidole?"

Walimkuta saa tisa alasiri mbele ya tanuri, akivuta trei za moto kwa kitambaa kilichochakaa. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini na nyeupe kwa makovu ya miaka. Aliwaona, lakini hakusimama mpaka mikate yote ikatoka. Kisha akajifuta mikono.

"Nilisikia mmemchukua Fundi," alisema. "Nikasema nikimaliza kuoka hii, naja mwenyewe."

"Mbona hukuja?"

"Nilimaliza, nikakanda nyingine."

Kituoni hakuhitaji kubanwa. Alisomewa haki zake, akaitikia kwa kichwa, akasema.

"Juzi nilimsikia Fundi akisema maneno yake yalikatwa. Sikujua kama kuna yaliyokatwa. Jana nikaenda kuuliza. Nilikwenda kuuliza tu, mama. Kipaza akanipa pole, akanimiminia chai. Nikamwambia nataka kusikia. Akanivalisha hedifoni mwenyewe."

"Ukasikia."

"Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikaelewa. Mara ya tatu nilikuwa nahesabu siku. Hameni leo, amesema. Tulikuwa na siku sita. Nina mkokoteni wa mikate, ungetosha kila kitu chetu."

Koplo aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, kaka, neno kufa linafungiwa. Ningeliacha, video isingeonekana hata na watu kumi. Nikamwambia, katika hao kumi mmoja angekuwa mimi. Nilikuwa nakufuata kila siku. Akasema, usiseme hivyo, wenzako wamepumzika." Alitazama mikono yake. "Wamepumzika. Binti yangu tulimtoa siku ya pili. Kucha zake zilikuwa zimejaa mchanga. Alikuwa amechimba. Kipaza akanigeuzia mgongo kuifunga ile video, nikashika kile chuma."

"Baada ya kumpiga ulifanya nini?"

"Nilikaa chini."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Simu nilikuwa nayo mkononi, nikaitazama tu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mke wangu ndiye aliyetaka kuhama. Mimi ndiye niliyemwonyesha ile video, nikamwambia, si unaona, hofu ya nini? Nimempiga Kipaza, mama, lakini mimi mwenyewe nani anipige?"

Alitia saini kila ukurasa wa maelezo yake, polepole, akikandamiza kalamu.

Fundi aliachiwa kabla jua halijazama. Alirudishiwa viatu, akaambiwa muuaji ni nani. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na kiatu kimoja mkononi, akalia kwa ajili ya Mwokaji.

Dada wa marehemu alikuwa nje ya mlango wa kituo. Alikuwa amekwisha ambiwa kwamba mtu amekiri na kwa sababu gani. Alimsogelea Inspekta, akauliza jambo moja.

"Mama, kaka yangu alikufa palepale?"

Kwa miaka thelathini na mbili wafiwa walimuuliza Inspekta swali hilo, na jibu lake lilikuwa lilelile: hakuhisi kitu, alilala tu. Lilimjia hata sasa, likafika ulimini. Akamshika yule binti mikono yote miwili.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Alichukua nusu saa. Na aliumia."