Mwalimu Kokusima na Mwenye Phonie

Kokusima alikutana na Muyisa siku ya soko, mjini Butembo, Septemba 2002, kati ya magunia ya maharage na wasukuma chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliokuwa wakipiga kelele wapishwe. Kokusima alikuwa na wiki moja tu mjini. Alitoka Bukoba, Tanzania, kujitolea kufundisha Kiingereza katika shule ya kanisa ambayo walimu wake wawili walikuwa wamekimbilia Uganda, na nyumbani kwao Bukoba hakuna aliyejua kama yeye amefika salama. Akaelekezwa kwenye kibanda cha phonie, redio ambayo wafanyabiashara waliitumia kusemezana na wenzao wa Beni na Kampala. Kanisa la Kampala lingefikisha habari Bukoba.

Mwenye phonie, Muyisa, alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri na koti zito juu yake kwa ajili ya baridi ya vilima. Kokusima alimweleza shida yake kwa kirefu, na salamu zote za kwao. Kijana akasikiliza hadi mwisho.

"Madamu, unasema Kiswahili ya Biblia," akamwambia. "Sasa useme kifupi. Ukimaliza useme 'à toi', halafu batu ya Kampala batajibu."

Foleni nzima ikacheka. Kokusima akacheka pia, akasema habari zake, akasahau kusema "à toi", na Kampala wakakaa kimya wakimngoja hadi Muyisa alipomsemea.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi Kokusima alikuwa na habari ya kutuma. Habari zilipokwisha, alikwenda hivyo hivyo. Muyisa alifunga kibanda saa kumi na kumsindikiza mlimani hadi nyumbani kwa Mama Kavira, mjane aliyempa chumba. Jumapili moja Kokusima alitoka kanisani amevaa kitenge cha kijani na libaya, blauzi aliyoshonewa na Mama Kavira, mabega yamesimama kama ya wanawake wa mjini, na Muyisa akamtazama hadi akajikwaa kwenye jiwe. Mama Kavira aliona yote. Alisema ni kijana wa watu wa sala, hana neno, ila ana tabia ya kubeba mambo ya wenzake kichwani bila kuwauliza.

Desemba, watu waliokimbia vita vya upande wa Ituri walijaa Beni. Kanisa likafungua madarasa chini ya maturubai, na Kokusima akaombwa aende. Akaenda. Beni kulikuwa na joto. Sweta lake lilibaki kwenye mkoba. Darasa lake lilikuwa na watoto tisini, na wengine walianza kulia kila lori lilipopita. Alifundisha kusoma asubuhi, nyimbo mchana, na Jumamosi alikwenda kwenye phonie ya Beni kumwita Muyisa. Kwa kuwa mji wote ulisikia, walizungumza mambo ya shamba.

"Maharage ya Butembo inakauka, inakosa mvua. À toi."

"Yaambie yavumilie. Mvua itarudi Pasaka. À toi."

Januari, Mchungaji Onésime, mkuu wa madarasa hayo, alitafuta mwalimu wa kwenda Eringeti, kaskazini, ambako wakimbizi walikuwa wengi zaidi. Kokusima alikubali kwenda kwa wiki chache, na safari ikapangwa Jumatatu. Ijumaa ukaja ujumbe kutoka kanisa la Kampala: Mwalimu Kokusima asiende Eringeti, arudi kwao kwa gari la kwanza. Ombi hilo, ujumbe ulisema, limetoka Butembo kwa Muyisa.

Alikimbilia phonie. Ilimchukua saa nzima kumpata.

"Ni miye nilituma," sauti ya Muyisa ikasema, kavu kama ya mtu asiyemjua. "Urudi kwenu. À toi."

"Kwa nini? À toi."

"Urudi tu. Terminé." Akazima redio.

Alitoka pale watu wakitazama chini wasikutane na macho yake. Alidhani Muyisa amemchoka, au amepata msichana ambaye ndugu zake wanataka amwoe. Hata hivyo hakurudi Bukoba. Aliwaandikia Kampala kwamba Eringeti hataenda, lakini watoto tisini hatawaacha. Jumatatu gari la Eringeti liliondoka bila yeye. Jioni lilirudi na matundu ya risasi, dereva amejeruhiwa mkono. Kokusima akamshukuru Mungu, na hasira yake kwa Muyisa ikabaki palepale. Jumamosi tatu zikapita hajakanyaga phonie.

Jumamosi ya nne Muyisa alishuka kwenye lori la maharage mbele ya darasa, shati lake jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Kokusima alimwacha asimame hadi watoto walipotoka.

"Siku ile basoda babili na bunduki balikuwa bamekaa karibu yangu, banasikiliza kila neno," Muyisa alisema. "Dereva mumoja aliniambia kama njia ya Eringeti ni mubaya. Ningesema ile kwenye phonie, bangetukamata, miye na yeye."

"Na barua? Malori yanakuja huku kila siku. Ungeniandikia."

Muyisa akainama. "Nilijua ukijua, Eringeti utaacha, lakini utabakia Beni."

"Kwa hiyo ukaona heri nikuchukie nikiwa Bukoba."

"Ndiyo."

Kokusima alikaa kwenye benchi la wanafunzi, na Muyisa akabaki amesimama.

"Kuogopa ulikuwa na haki," Kokusima alisema. "Kuniamulia hukuwa na haki."

"Unisamehe. Sitarudilia." Akapangusa vumbi usoni, akalizidisha. "Nataka kukuoa, Kokusima. Lakini ile pia, uamue weye."

Kokusima aliamua baada ya Pasaka. Julai, shule zilipofunga, walivuka mpaka wa Uganda pale Kasindi pamoja, wakafika Bukoba siku ya tatu. Baba yake alimpa mgeni buni za kutafuna kama ilivyo desturi, akasikiliza haja yake, kisha akamuuliza swali moja tu: je, atamrudisha binti yake kwenye vita?

Muyisa alitafuna polepole. "Baba, ile umuulize yeye," akasema.

Mzee akamgeukia binti yake, akamuuliza.

"Butembo shule inafunguliwa Septemba, baba," Kokusima alijibu. "Harusi ikiwa Agosti, tutawahi."