Kisomamoyo

Ndege ndogo ilikuwa juu ya mashamba ya chai ya Njombe pale Shangazi alipompokonya kijana usukani. Watu katika chumba cha kusubiria waliona mabawa yakiyumba, kisha yakanyooka sawasawa, wakajua kwamba anayeirusha si binadamu tena. Mmoja akaguna, "Huyo naye basi."

Shangazi alikuwa mtambo wa kurusha ndege, na jina lake halisi lilikuwa nahodha-unde. Ulibuniwa baada ya ndege kadhaa kuanguka kwa sababu rubani alizimia au alipagawa kwa hofu. Mwanafunzi alivishwa kichwani utepe ulioitwa kisomamoyo, ukapima mapigo ya moyo, jasho na pumzi zake. Mtambo ukiona rubani hajiwezi, uliichukua ndege bila kuomba ruhusa. Wanafunzi waliuita Shangazi, maana ulikuwa kama shangazi anayempokonya wifi yake mtoto, eti hajui kubeba. Ukipokonywa siku ya mtihani, umefeli.

Enesia Mbilinyi aliyaona hayo dirishani. Alikuwa mkunga wa bonde la Lihanga, mwenye miaka hamsini na tisa, na sheria haikumruhusu mwanafunzi aliyetimiza sitini kufanya mtihani wa urubani. Mwezi ujao angeitimiza. Leo ikipita, imepita.

Lihanga ni bonde lililobanwa na milima, lina ukungu, na kiwanja chake cha majani kimeinama kama paa. Ndege-jiongozi, zile zinazojirusha zenyewe na ambazo siku hizi zimejaa anga lote la nchi, zilikikataa. Zilifika, zikapiga hesabu ya hatari, zikageuka. Rubani pekee aliyekuwa akitua huko, mzee Kyando, macho yalikuwa yamemwishia. Bila rubani, mwanamke aliyeshindwa kujifungua hubebwa kwa machela kuvuka mlima. Wawili walimfia Enesia njiani, wamemshika mkono. Ndipo alipokwenda kujifunza urubani uzeeni, na watu wakamcheka kwamba mama wa watu sasa anataka kuota mabawa.

Mwalimu wake, Osmundi Mgaya, ambaye angeweza kuwa mwanawe, akaja na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama. Umekula?"

"Marahaba, mwalimu. Hakipiti kitu."

"Basi kunywa hata chai."

"Kwa mikono hii? Tazama." Akainyoosha, ilikuwa ikitetemeka. "Nikipanda na moyo huu, atanipokonya magurudumu hayajaacha ardhi."

"Hofu ya kusubiri haihesabiwi. Kisomamoyo kinaanza kazi ukiwa angani."

"Na huko angani je?"

"Huko utakuwa na kazi, mama. Mwenye kazi hana nafasi ya kuogopa."

Aliyasema hayo kumtia moyo tu. Yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi, na chai akaishia kuinywa yeye.

Waliitwa. Mgaya aliketi kiti cha nyuma, ambako mwalimu haruhusiwi kusema wala kugusa kitu. Enesia akavishwa utepe, akashika usukani, na ajabu ni kwamba mikono ilitulia. Akapaa vizuri. Akapinda kushoto, akapinda kulia, akapanda, akashuka, kila kitu kama alivyofundishwa. Kisha, bila taarifa, mtambo ukazima injini, kama mtihani unavyotaka.

Hapo Enesia akafanya alichokifanya maisha yake yote kila mtoto alipotanguliza miguu. Akapoa. Mzazi akiona mkunga anatetemeka, hukata tamaa na kuacha kusukuma. Kwa hiyo mwili wake ulikuwa umezoea kwamba jambo likiharibika, pumzi zinashuka na moyo unakwenda taratibu. Akainamisha pua ya ndege ili isipoteze kasi, akachagua shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, akaanza kuliendea. Nyuma yake Mgaya alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mapigo yameshuka," ikasema sauti ya upole. "Rubani amezimia. Ninachukua ndege."

"Sijazimia," alisema Enesia. "Nipo."

Usukani ukakaza mikononi mwake. Injini ikawaka.

"Yuko macho!" Mgaya alisema, kanuni akaitupa. "Si unamsikia anaongea?"

Mtambo haukuundwa kusikiliza. Ulifundishwa kwa miili ya maelfu ya vijana, ambao moyo huwaenda mbio injini inapozimika. Mwili unaotulia hatarini haukuwahi kuonyeshwa, isipokuwa ule uliopoteza fahamu. Waliouunda walikuwa wasomi wazuri, na hawakumpima mkunga hata mmoja.

Mtambo ukaigeuza ndege kurudi uwanjani. Mgaya akasema, "Tutakata rufaa, mama."

"Rufaa huchukua muda gani?"

"Mwaka," alisema Mgaya.

"Lile shamba nilikuwa naliona, mwalimu. Ningetua."

"Najua. Ungetua."

Magurudumu yakagusa lami taratibu, bila mshtuko, kazi safi kabisa ya mashine. Enesia akamkumbuka Skola, mke wa jirani yake, mwenye nyonga nyembamba na mimba ya mapacha, ambaye alimsindikiza akimwambia, "Mimi sina wasiwasi, mama, utanirusha mwenyewe." Ilimbidi arudi akamtazame usoni. Alijua njia ya mlimani, alijua mahali ambapo wabebaji hutua machela wapumzike, na alijua kwamba mapacha hawatangoja rufaa. Hofu ikamshika kweli sasa. Moyo ukamdunda, jasho likamtoka chini ya utepe, mikono ikaanza kutetemeka tena.

"Rubani amepata fahamu," ikasema sauti ya upole. "Hali yako ni nzuri. Sasa unaweza kushika usukani."

Ndege ilikuwa imeshasimama mbele ya banda, na fundi alikuwa anaweka kabari kwenye magurudumu.